Kuchagua pikipiki ya bei nafuu ya kwendea kazini: anza kwa fundi, si kwa muuzaji

Wengi hutafuta pikipiki kwa kuangalia tangi linavyong'aa na bei iliyobandikwa juu ya kiti. Mwongozo huu unakwenda kinyume: unaanza na safari yako, unapitia kwa fundi, na pikipiki yenyewe unaikuta baadaye. Sababu ni kwamba pikipiki ya kila siku haikugharimu siku ile ya kuinunua tu. Itakudai mafuta, oili, cheni na matairi, na kinachouma kuliko vyote ni siku inapolala kwa fundi ikisubiri spea huku wewe ukilipa nauli ya kwenda kazini. Iliyo nafuu kweli ni ile isiyosimama.

Hatua ya 1: Pima safari yako

Kwa wiki moja, andika kilomita unazokwenda na kurudi, na njia ilivyo: lami au vumbi, mashimo, matope wakati wa mvua, milima, foleni. Andika pia mzigo unaobeba na kama kuna mtu utakayempakia mara kwa mara. Usikadirie kichwani. Watu hukosea sana umbali wao wa kila siku kwa sababu husahau kupitia shuleni, benki au kwa mgonjwa njiani.

Ukishapata namba hiyo, ifanyie hesabu. Tuseme unakwenda kilomita 30 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 780. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita moja itatumia lita 15.6 kwa mwezi. Inayokwenda kilomita 35 kwa lita itatumia lita 22.3. Tofauti ya lita 6.7 kwa mwezi haimshtui mtu, lakini kwa mwaka ni lita 80. Bandubandu huisha gogo. Zidisha lita hizo 80 kwa bei ya petroli ya unakoishi, kisha kwa miaka unayotarajia kukaa na pikipiki. Jibu huenda likala tofauti yote ya bei iliyokuwa inakuvuta kwenye ile ya rahisi.

Kama safari yako ni kilomita chache za lami tambarare, uko peke yako na mkoba mgongoni, maswali mengi ya mbele yamekwisha kujijibu. Unahitaji pikipiki ndogo kabisa iliyo nzima. Wenye milima, vumbi na abiria ndio wenye kazi ya kuchagua.

Hatua ya 2: Gawa pesa kabla hujaitoa

Kosa linalorudiwa ni kuchukua akiba yote na kuitafutia pikipiki inayolingana nayo. Siku ya pili unahitaji usajili au kubadilisha umiliki, bima, helmeti, koti la mvua, kufuli, na kama ni ya mkononi, yaani iliyokwisha kutumika, oili mpya na pengine tairi. Kwa pikipiki mpya, tenga angalau sehemu moja kati ya tano ya pesa yako kwa ajili ya hayo. Kwa iliyotumika, tenga moja kati ya nne, kwa sababu daima kuna kitu ambacho muuzaji amekuachia ukibadilishe wewe.

Helmeti isiwe ya kununuliwa na chenji iliyobaki. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikadiria kuwa helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Tafuta yenye alama ya kiwango kinachotambulika, kwa mfano ECE 22.05 au 22.06 vya Ulaya, na ikukae kichwani bila kucheza: ukiitikisa, ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Iliyotumika usinunue, maana huwezi kujua kama imewahi kugonga chini. Povu la ndani likishabonyea limemaliza kazi yake hata kama ganda la nje halina mkwaruzo.

Hatua ya 3: Nenda kwa fundi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kabla hujaingia duka lolote la pikipiki, tembelea mafundi wawili au watatu walio karibu na unakoishi au unakofanyia kazi. Usiwaulize "pikipiki gani ni nzuri?" Kila mmoja atakutajia yake mwenyewe. Waulize ni ipi wanaifungua mara nyingi zaidi na huwa imeharibika nini. Waulize ipi ikija wanaikwepa. Kisha uliza swali la kuamua: "Nikikuletea leo jioni imekatika waya wa klachi, utaniwashia kesho asubuhi?"

Angalia pia kilichotundikwa ukutani na kilichomwagwa sakafuni. Fundi mwenye makopo yaliyojaa sahani za klachi, breki shuu, plagi na sproketi za pikipiki fulani anakuambia bila maneno kwamba spea zake zipo na zinatoka. Akikuambia "hiyo spea tunaagiza," elewa kwamba siku hiyo utatembea kwa miguu.

Halafu pita duka la spea uulize bei za vitu vinavyoliwa kila mara: cheni na sproketi zake mbili, breki za mbele na nyuma, sahani za klachi, kichujio cha hewa, tairi la nyuma. Uliza na vile vinavyovunjika mtu akianguka kidogo, yaani mkono wa klachi, mkono wa breki, kioo na indiketa. Zipange bei hizo kando ya majina ya pikipiki unazozifikiria. Nimeona watu wakibadilisha mawazo kwa karatasi hiyo moja, kwa sababu pikipiki iliyokuwa rahisi dukani ilikuwa na klachi ya bei mara mbili.

Kuna sababu ya kihistoria inayofanya baadhi ya injini zipatikane kila mahali. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilitoa CG125, iliyobuniwa kwa makusudi ivumilie matunzo hafifu na oili isiyobadilishwa kwa wakati. Badala ya mnyororo unaopanda juu kuzungusha kemshafti (mhimili unaofungua vali), vali zake zinasukumwa na fito, muundo wa kizamani lakini mgumu kufa. Viwanda vingi vya China viliunakili, na hadi leo pikipiki nyingi zenye majina tofauti kwenye tangi zina injini ya ukoo huo. Spea nyingi zinaingiliana, ingawa si zote, kwa hiyo nenda dukani na kile kilichoharibika mkononi. Honda hiyohiyo ilianza kuuza Super Cub mwaka 1958, na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100 za familia hiyo. Pikipiki yenye ndugu wengi namna hiyo haikosi fundi.

Hatua ya 4: Ukubwa wa injini

Kwa safari za kila siku uwanja wako ni kati ya cc 100 na 150. Chini ya hapo utachoka mlimani. Juu ya hapo unalipia mbio ambazo foleni haitakuruhusu kuzitumia.

Injini ya cc 100 hadi 110, kama ya Hero Splendor ambayo kwa hesabu kamili ni cc 97.2, hutoa nguvu za farasi 8 hivi. Kwa mtu mmoja mjini inatosha kabisa, na ndiyo yenye kiu ndogo kuliko zote: ikitunzwa, kilomita 55 hadi 65 kwa lita si jambo la ajabu. Udhaifu wake unajitokeza ukipakia mtu mzima na kupanda mlima. Utashuka gia ya pili na kubaki hapo, injini ikilia, na injini inayolia kila siku huchakaa mapema na kunywa zaidi.

Ndiyo maana kwa wengi napendekeza cc 125. Inabeba wawili bila kulalamika, inakwenda kilomita 70 au 80 kwa saa bila kubanwa, na matumizi yake ya mafuta hayajaachana sana na ya ndogo. TVS HLX 125, Yamaha YBR125 na Honda za cc 125 ziko kwenye kundi hili.

Za cc 150, kama Bajaj Boxer 150 (ambayo ndani ni cc 144.8), zinafaa wenye mzigo mzito, milima mirefu au barabara kuu ambako malori yanakusukuma kwa nyuma. Tarajia kilomita 40 hadi 50 kwa lita. Mtu anayeinunua kwa ajili ya kilomita 6 za mjini analipia kifua ambacho hakitumii.

Injini za viharusi viwili, zile za kuchanganya oili na petroli, ziache hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Zinakunywa sana na moshi wake miji mingi imeshauchoka.

Hatua ya 5: Umbo na vifaa vyake

Pikipiki ya kawaida yenye magurudumu ya inchi 17 au 18 ndiyo inayosamehe zaidi. Skuta ina raha yake: haina klachi wala gia za kubadilisha, miguu inakingwa na maji, na chini ya kiti kuna mahali pa kuweka mkoba. Lakini magurudumu yake ya inchi 10 au 12 huingia mzimamzima kwenye shimo ambalo gurudumu kubwa lingelivuka, na mkanda unaoizungusha huisha na lazima ubadilishwe. Barabara yako ikiwa nzuri na foleni ni nyingi, skuta ni chaguo la busara. Ikiwa nusu ya njia ni vumbi, achana nayo. Za mtindo wa Super Cub ziko katikati: gia zipo ila klachi inajiendesha, na magurudumu ni makubwa.

Pikipiki ndefu za porini zinapendeza machoni, lakini kiti chake kipo juu, matairi ya meno yanateleza kwenye lami iliyolowa, na bei yake kwa kawaida haingii kwenye neno nafuu.

Sasa kabureta, inayochanganya petroli na hewa bila umeme, au injeksheni, inayopuliza petroli kwa nozeli ya umeme? Injeksheni huwaka vizuri asubuhi ya baridi na kubana mafuta. India ilipoanza kudai BS6, kiwango chake cha kupunguza moshi mchafu, Aprili 2020, karibu pikipiki zote mpya zinazouzwa huko zilihamia upande huo. Udhaifu wake ni mbili. Petroli chafu huziba pampu na nozeli, na fundi asiye na mashine ya kusomea makosa hubaki kubahatisha. Tena nyingi hazitawaka kabisa betri ikifa, hata upige kiki mpaka jioni. Kabureta, kwa upande wake, fundi yeyote huifungua na kuisafisha kwa muda mfupi. Kwa hiyo rudi kwenye majibu ya hatua ya 3: kama fundi wako anaimudu injeksheni, ichukue, kama hana uhakika, kabureta yenye kiki ndiyo itakayokufikisha kazini.

Kuhusu breki, diski mbele na dramu nyuma ni mchanganyiko mzuri kwa pesa ndogo. Pikipiki inapofunga breki uzito huhamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, na huko ndiko kwa kuweka pesa. Dramu mbele si dhambi kwa cc 100 inayokwenda polepole. Ukipata yenye ABS, mfumo unaozuia gurudumu kuganda na kuteleza unapofunga breki, ndani ya bajeti yako, ichukue bila kujiuliza mara mbili. Ile inayoitwa CBS huunganisha breki mbili kwa kanyagio moja na inawasaidia wale wenye tabia ya kukanyaga ya nyuma peke yake.

Rimu za spoku huvumilia mashimo na zikipinda hunyooshwa, ila hutumia tyubu, na tyubu ikichomwa upepo huisha mara moja. Rimu za aloi zenye tairi lisilo na tyubu hukupa muda wa kufika kwa wa pancha, na tundu huzibwa bila kung'oa gurudumu. Aloi ikipasuka lakini, ni ya kutupa. Kitu kidogo ninachokipenda kuliko urembo wote ni kasha linalofunika cheni nzima. Halimvutii mtu dukani, lakini kwenye vumbi na matope huongeza maisha ya cheni kwa kiasi kinachoonekana.

Na za umeme? Kwa safari fupi inayojulikana, zikichajiwa usiku nyumbani, gharama ya kila siku ni ndogo sana na hakuna oili, plagi wala kabureta. Tatizo lote limekaa kwenye betri, ambayo ndiyo sehemu ghali kuliko nyingine zote. Umbali ulioandikwa kwenye tangazo umepimwa katika hali nzuri. Hesabu theluthi mbili yake, kisha uone kama unakwenda na kurudi. Uliza kama betri ni ya lithiamu au ya risasi, maana ya risasi ni nzito na hufa mapema, na uliza bei ya betri mpya peke yake. Jibu la swali hilo likimchelewa muuzaji, umeshapata jibu.

Hatua ya 6: Ikalie

Dakika kumi zinatosha. Kaa, shusha miguu yote miwili. Angalau sehemu ya mbele ya nyayo zote iguse chini imara. Isukume kwa nyuma ukiwa umekaa, kama unaitoa kwenye maegesho. Isimamishe kwa stendi kuu. Ikikushinda ikiwa tupu dukani, haitakuwa nyepesi ikiwa na mzigo kwenye mteremko. Mgongo unyooke, magoti yasibane tangi hadi yaume, viganja visibebe uzito wa kifua. Anayekwenda na mwenzake akae naye hapohapo aone kama nyayo zake zinafika kwenye vikanyagio.

Hatua ya 7: Mpya au ya mkononi?

Mpya ina garantii, karatasi safi na historia unayoianza mwenyewe. Muulize muuzaji nani hasa anaiheshimu garantii hiyo, yeye au kampuni, na servisi za mwanzo zinafanyiwa wapi. Garantii ya karakana iliyo mbali nusu siku ni mapambo.

Ya mkononi hukupa pikipiki bora kwa pesa ileile, kwa masharti mawili: uwe na subira, na uwe na fundi wako, si wa muuzaji. Binafsi ningechukua cc 125 ya jina linalojulikana yenye miaka mitatu, iliyotunzwa na mtu mmoja, kuliko mpya ya jina lisilo na spea. Pikipiki iliyofanya kazi ya kubeba abiria kutwa nzima naiogopa kidogo. Si mbovu kwa lazima, lakini kilomita zake za mwaka mmoja ni za mtu wa kawaida za miaka kadhaa, na bei lazima ionyeshe hivyo.

Hatua ya 8: Kagua ya mkononi ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu hazijaisha, weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto wakati ulimwomba iwe baridi, kuna jambo. Subiri ipoe au rudi siku nyingine. Injini iliyopashwa huficha kelele na ugumu wa kuwaka.

Iwashe. Sikiliza sekunde za kwanza: mlio mwepesi wa vali unaopungua ikipata moto si wa kutisha, lakini mlio mzito wa kugonga kutoka chini ni ugonjwa wa krenki, mhimili mkuu wa injini, na hapo unaaga. Kisha nenda nyuma ukaangalie moshi. Wa bluu maana yake inaunguza oili. Ukitoka kidogo wakati wa kuwasha tu, huenda ni sili za vali. Ukitoka kila unapokoleza mafuta, ni ringi na silinda, na hiyo ni injini ya kufunguliwa. Moshi mweusi ni petroli nyingi, mara nyingi kichujio cha hewa kichafu au kabureta isiyorekebishwa, kwa hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei tu. Mvuke mweupe wa asubuhi unaotoweka haraka hauna neno. Toa kifuniko cha oili pia: nyeusi ni ya kawaida, iliyogeuka weupe imeingia maji, yenye chembechembe zinazometa inakuambia vyuma vinasagana.

Sasa acha injini uangalie mwili. Kilomita za kwenye mita usiziamini peke yake, kwa sababu mita hufungwa na kufunguliwa. Zilinganishe na vitu ambavyo havidanganyi: mpira wa kanyagio la breki, vishikio vya mikono, kiti, tundu la ufunguo. Mtu wa kilomita 780 kwa mwezi hufikisha zaidi ya 9,000 kwa mwaka. Pikipiki ya miaka minne inayosoma 11,000 huku kanyagio lake limelika hadi chuma inahitaji maelezo.

Simama mbele yake, usukani ukiwa umenyooka, uone kama gurudumu la mbele nalo limenyooka. Chungulia shingo ya fremu, pale usukani unapopita, utafute rangi mpya, alama ya kulehemu au mikunjo. Fremu iliyopigwa inaweza kunyooshwa ikapendeza, lakini haitasahau. Ncha za mikono ya breki zilizosagika na vikanyagio vilivyopinda vinaeleza ilivyolala chini. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole kutoka upande hadi upande. Ukihisi unakwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika miguu ya shoku za mbele uivute na kuisukuma kuona kama kuna mchezo, kisha angalia kama oili imevuja kwenye sili zake. Nyuma, lishike gurudumu ulitikise kushoto na kulia: likicheza, ni beringi za gurudumu au bushi za mkono wa fremu unaoshika gurudumu la nyuma.

Cheni ina kipimo chake rahisi. Ishike pale ilipo nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kwa nyuma. Ikiachia na kuonyesha nusu ya jino au zaidi, imekwisha. Meno ya sproketi yaliyochongoka na kulalia upande mmoja yanasema hivyohivyo. Cheni na sproketi hubadilishwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno ya zamani huliwa kwa muda mfupi.

Kwenye ubavu wa tairi kuna namba nne za tarehe ya kutengenezwa, wiki kwanza halafu mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la zamani huwa gumu na kuteleza kwenye maji. Jaribu taa zote, honi, indiketa, na taa ya breki kwa mkono na kwa mguu. Fundi akiwa na mita ya umeme, betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, na injini ikiongezwa mwendo ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Isipopanda, mfumo wa kuchaji una shida.

Hatua ya 9: Iendeshe

Hakikisha kwanza ina bima na wewe una leseni, kisha nenda angalau kilomita chache, pamoja na mlima ukiwepo. Gia ziingie bila kulazimishwa. Ukiwa gia ya tatu au ya nne kwa mwendo mdogo, koleza mafuta ghafla: mlio ukipanda huku mwendo haupandi, klachi inateleza. Gia ya pili ikichomoka yenyewe ukikoleza, ujue kuna kazi ndani ya gia boksi, nayo si ya siku moja. Funga breki mahali pasipo na watu, uone kama inasimama kwa mstari ulionyooka.

Ukirudi, izime, subiri kidogo, iwashe tena. Inayowaka vizuri ikiwa baridi na kugoma ikiwa moto mara nyingi ina tatizo la umeme wa kuwashia, aina ya ugonjwa unaotafutwa kwa wiki. Chungulia chini uone kama kuna oili iliyodondoka.

Hatua ya 10: Karatasi

Linganisha kwa macho yako namba ya fremu, iliyogongwa kwenye shingo, na namba ya injini na zile zilizo kwenye kadi ya usajili. Tarakimu moja ikitofautiana, au sehemu hiyo ikiwa imepigwa msasa, ondoka hata kama bei inakutoa machozi. Jina la kwenye kadi liwe la huyo aliye mbele yako na kitambulisho chake. Uliza kama ina mkopo usiolipwa au faini, na uhakiki kwenye mamlaka ya usajili inapowezekana. Pesa itoke siku umiliki unapobadilishwa. "Karatasi zinakuja" si karatasi.

Hatua ya 11: Wiki za mwanzo

Mpya ichukulie kwa upole kilomita 1,000 za mwanzo: usiikabe, usiipe mwendo mmoja muda mrefu, na ubadilishe oili ya kwanza mapema kama kitabu chake kinavyoagiza, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 1,000. Ya mkononi ibadilishe oili, kichujio na plagi siku ya kwanza bila kujali muuzaji alisema nini.

Oili isiwe yoyote. Kwa pikipiki ambayo klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini, na nyingi ziko hivyo, tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Japani cha oili za pikipiki. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze. Baada ya hapo badilisha kila kilomita 2,000 hadi 3,000, isipokuwa kitabu kiseme vingine. Cheni ipake mafuta kila kilomita 500 hivi na baada ya mvua, iachie mchezo wa milimita 20 hadi 30, na uipime pale ilipokaza zaidi, kwa kuwa cheni hailegei sawasawa kote.

Kila ukijaza tangi, andika kilomita na lita. Matumizi yakipanda ghafla, kagua kwanza upepo wa matairi, breki inayoshika na kichujio cha hewa; kabureta iguswe mwisho.